Hakuna wa Kumwamulia Mwenzake

Sindano alizinduka wodini ulimi umekauka, mkono wa kulia umefungwa bandeji nene mpaka kwenye kiwiko, na uso wa kwanza kuuona ulikuwa wa kaka yake. Si wa Hiari, mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Wa kaka yake, mtu ambaye hawakuwa wamekunywa hata chai pamoja kwa miaka sita, ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguu ameitanua kama mwenye nyumba.

“Pole, mdogo wangu,” kaka akasema. “Usiwe na wasiwasi. Nimeshatia sahihi.”

“Sahihi ya nini?”

Kaka akageukia dirishani. Ikabidi nesi ndiye aje kumwambia, kwa ile sauti laini wanayofundishwa, kwamba kidole cha mwisho na kidole cha pete havipo tena. Cha kati kitapona. Cha shahada kiungo chake kimesagika, kitahitaji operesheni nyingine baada ya wiki mbili. Sindano akalitazama lile furushi jeupe lililokuwa mwisho wa mkono wake. Alikuwa mshonaji wa vitabu. Hilo jina la Sindano hakupewa kwa sababu ya wembamba. Wembamba alikwishaagana nao zamani.

“Hiari yuko wapi?”

“Yuko nje,” kaka akasema, midomo ikampinda. “Tangu asubuhi yuko nje. Muulize alikuwa anangoja nini.”

Hiari na Sindano walifanya kazi pamoja katika karakana ya kujalidi vitabu, watu watano na mashine tatu kuukuu, na hapakuwa na bosi. Hapakuwa na bosi kweli, si kama zile ofisi ambazo meneja anataka aitwe ndugu halafu anakukata mshahara. Kazi ziliandikwa ubaoni kwa chaki na kila mtu alichukua anayoiweza. Hakuna aliyemwambia mwenzake “fanya” au “lete”. Mtu akihitaji gundi alisema, “Huku gundi imekwisha,” na aliye karibu akiona vema alileta. Wateja waliwacheka mpaka wakachoka, lakini vitabu vilitoka siku iliyoahidiwa, tena vimeshonwa visivyofumuka, na kwa miaka tisa hapakusikika mtu akifokewa.

Sindano aliingia pale akitokea kwenye ndoa ambayo mume alimwamulia kila kitu: viatu, nywele, nani wa kumsalimu, saa ya kulala. Siku alipoumwa jino, mume ndiye aliyemwonyesha daktari lipi la kung'oa. Likang'olewa zima, bovu likabaki. Alipokimbilia kwa kaka yake akiwa na shavu limevimba, kaka alimpa chai, akamwambia avumilie, na jioni akamrudisha mwenyewe mpaka mlangoni. Tangu siku hiyo Sindano alimhesabu kaka yake upande wa yule mume, na alipoondoka hakumuaga.

Kwa hiyo alipohamia na Hiari kwenye vyumba viwili nyuma ya karakana, walitundika ubao wao wenyewe kwenye mlango wa jikoni, na Sindano akaandika kwa mkono wake, herufi kubwa, sheria moja tu: HAKUNA WA KUMWAMULIA MWENZAKE. Hawakufunga ndoa, hawakuita wazee, hawakuulizana “umetoka wapi”. Hiari aliishika sheria hiyo kwa moyo wake wote. Hata dirisha hakulifungua bila kuuliza: “Ungependa liwe wazi, au vipi? Kwa hiari yako.” Ndiko lilikotoka jina lake. Kuna wakati pipa la takataka lilikaa siku tisa kwa sababu hakuna aliyetaka kumwambia mwenzake alitoe, na panya walipoanza kupita mchana kweupe wawili hao walicheka mpaka mbavu zikawauma, wakalibeba pamoja. Tuseme kweli, Sindano alikuwa na raha. Baada ya miaka kumi na mmoja ya kuamriwa, kuulizwa tu kulikuwa kutamu.

Aliyemsimulia yaliyotokea hospitali ni Mama Gundi, mwanamke mnene mwenye kauli za haraka aliyepaka gundi migongo ya vitabu vyote vilivyotoka karakanani. Alikuja siku ya tatu na ndizi mbivu, akakaa kitandani bila kukaribishwa.

“Unakumbuka mashine ya kukunja karatasi ilivyokuvuta mkono wa gauni?”

“Nakumbuka mpaka pale nilipoanguka.”

“Kichwa kiligonga mguu wa meza, ukazima. Nikaikatia umeme, Hiari akakubeba. Saa nne asubuhi tuko hapa. Daktari akatoka na karatasi yake, akasema vidole viwili vinakufa, damu haiendi. Akasema naweza kujaribu kuunga mishipa, ni operesheni ndefu na huyu amepoteza damu, kuna hatari. Au nikate sasa hivi. Nani wake atie sahihi? Lakini upesi, vidole havingoji.”

“Halafu?”

Mama Gundi akamenya ndizi ambayo hakuna aliyeiomba. “Hiari akasema, mkono ni wake. Siwezi kumwamulia. Tusubiri aamke.”

Sindano akaishika bandeji kwa mkono wa kushoto.

“Nikamwambia, sema, baba! Sema neno lolote! Hataki. Nikasema basi leteni nitie mimi. Daktari ananiuliza, wewe mama ni nani wake? Nikamwambia, yeye anashona, mimi napaka gundi. Akaniona nimechanganyikiwa.” Akaliweka kando ganda la ndizi. “Saa tano. Saa sita. Wakakupa dawa ya maumivu, ukazidi kulala. Saa tisa alasiri ndipo wakapata namba ya kaka yako kwenye faili lako la zamani, enzi za yule mume. Akaja na tai yake, akatia sahihi hata hakusoma. Na wakati huo, mama yangu, hapakuwa tena na cha kuunga. Vilikuwa vyeusi.”

Jioni ile Hiari alisimama kwenye mlango wa wodi, mrefu, mabega ameyakunja, kofia mkononi. “Niingie?” akauliza. Sindano akamrushia kikombe kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto haukuwa na shabaha. Kikombe kilimpata mgonjwa wa jirani kwenye blanketi, na nesi akaja kugomba.

Aliporuhusiwa alirudi kwenye vyumba vyao viwili kwa sababu hakuwa na pengine, na Hiari akahamia kulala karakanani bila kuambiwa. Aliuliza kwanza, bila shaka. Kila asubuhi Sindano alikuta maji ya kuoga yamepashwa moto na ndoo imefunikwa sahani. Aliyaoga huku amekasirika. Kufunga kifungo cha blauzi kwa mkono mmoja kulimchukua muda wa kupika ugali, na kila kifungo alikitukana kwa jina la Hiari. Kisha alitoka, akakutana na ule ubao kwenye mlango wa jikoni. Mwandiko ulikuwa wake. Ile A yake yenye mguu mmoja mrefu, ile K iliyoinama. Mara mbili alinyanyua kitambaa aufute, na mara mbili akakirudisha, maana aliona akiufuta atakuwa amemfurahisha kaka yake.

Kaka alikuja kila siku. Mtu ambaye kwa miaka sita hakujua dada yake anakula nini sasa alijua ale nini, alale upande gani, amruhusu nani kumtembelea. Hiari alimsalimu mara moja uani, “Shikamoo, shemeji,” na kaka akamjibu, “Shemeji wa nani? Mahari ulimpa nani?” akapita. Siku ya Jumamosi akaja na fomu ya hospitali ya operesheni ya pili, itakayofanywa Alhamisi. Ilikuwa na mstari mmoja wa jina la mtu atakayesema kwa niaba ya mgonjwa akiwa amelala. Kaka alikuwa ameshaujaza. Jina lake, namba yake, sahihi yake yenye mikia.

“Nimeongea na daktari,” akasema. “Kile kidole kikifungwa kwa waya kitakuwa kigumu kama kijiti, hakitakunjika maisha. Nimemwambia kama kinasumbua akitoe tu, asihangaike. Utahamia kwangu. Kushona basi tena, utakaa na watoto.”

“Umemwambia akitoe?”

“Mwenye sahihi ni mimi,” kaka akasema, na wala hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Damu ilimchemka Sindano mpaka masikio yakavuma. Akaitazama ile fomu mezani na akaelewa jinsi mambo yalivyo: Alhamisi atalala, na mtu mwingine atakuwa na ulimi wake. Ama huyu anayesema bila kumjua, ama yule mwingine ambaye hasemi kabisa. Ndani ya saa moja wanaweza kumwamsha hana kidole cha kushikia sindano.

Jumatatu ilikuwa siku ya kikao karakanani. Walikaa kama kawaida juu ya makreti yaliyopinduliwa, katikati ya marobota ya karatasi, bila mwenyekiti. Mzee wa Herufi, aliyepiga majina ya dhahabu kwenye majalada, alikuwepo, na Mama Gundi, na fundi wa mashine aliyekuwa hajanyanyua uso tangu ile ajali. Hiari alikaa karibu na mlango. Sindano hakusubiri mazungumzo ya oda.

“Nina swali,” akasema. “Namuuliza Hiari, mbele yenu. Siku ile saa nne, daktari ametoka na karatasi. Kama ningekuwa macho ningesema nini?”

Hiari akageuza kofia yake.

“Sindano, mimi siwezi kusema badala yako…”

“Sijakwambia useme badala yangu! Nakuuliza ningesema nini. Umelala na mimi miaka sita. Unajua au hujui?”

Aliuliza akiwa na uhakika kwamba hajui. Alikuwa ameshajiandaa, usiku mzima alijiandaa: atasema hajui, nami nitamwambia basi hukunipenda, ulipenda ubao. Alikuwa na maneno yake yamepangwa kabisa.

“Ungesema waunge,” Hiari akasema polepole, akiitazama sakafu. “Ungesema hatari unaijua, wajaribu, na wakishindwa ndipo wakate. Ungeuliza sindano utaishika na nini. Halafu ungemwambia daktari aache kupiga soga, aingie ndani.”

Mama Gundi akacheka, maana ilikuwa kweli tupu. Ilikuwa sauti ya Sindano mwenyewe. Kisha akaona uso wa Sindano, akaacha.

“Ulijua,” Sindano akasema.

“Nilijua.”

“Pale kwenye korido. Saa nne. Ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Saa tano?”

“Sindano…”

“Saa sita! Saa saba! Umekaa kwenye benchi na neno langu mdomoni, umelimumunya kama peremende, vidole vyangu vinaoza, na ulikuwa unajua!” Alisimama, kreti likaanguka. “Mimi nilidhani hujui! Usingejua ningekusamehe. Mtu hawezi kusema asichokijua. Kwa nini hukusema?”

Hiari alikuwa analia, lakini hakujifuta. “Niliogopa,” akasema. “Ungekufa mezani. Au ungeamka ukaniona mimi ndiye yule wa kwanza. Yule wa jino. Niliona bora nisiseme kitu. Asiyesema hakosi.”

“Kwa hiyo vidole vyangu vimekufa ili wewe ubaki msafi.”

Mzee wa Herufi alikohoa, akasema kwa upole kwamba pengine sheria yenyewe ndiyo iliyowafikisha hapo, pengine kila nyumba inahitaji mtu mmoja mwenye neno la mwisho. Sindano akamgeukia kama nyigu.

“Sheria niliiandika mimi, mzee, na mkono nilioiandikia ndio huu. Nilisema hakuna wa kuniamulia. Sikusema nikianguka mninyamazie. Kuamua nilikuwa nimeshaamua, miaka sita iliyopita, kila siku, mbele yake, kwa kila kitabu nilichoshona! Kilichotakiwa ni mtu wa kulibeba neno langu hatua kumi tu, kutoka kwenye benchi mpaka kwa daktari. Huko si kutawala mtu. Huko ni kubeba mzigo wake akiwa hana mikono.” Pumzi zikamwishia. “Nyinyi mnadhani uhuru ni kila mtu kukaa kwenye kreti lake.”

Akatoka. Hiari aliinuka nusu, akafungua mdomo, na kila mtu pale alijua anataka kuuliza kama amfuate. Mama Gundi akamwambia huku ameuma meno, “Thubutu kuuliza.” Akakaa.

Alhamisi kaka alifika hospitali mapema, tai imenyooka, faili kwapani. Daktari aliifungua fomu, na Sindano akaomba kalamu. Kwa mkono wa kushoto, kwa mistari ya mtoto wa darasa la kwanza, akalikata jina la kaka yake, akalikata tena, mpaka karatasi ikatoboka.

“Unafanya nini?” kaka akafoka. “Mimi ndiye niliyekuokoa!”

“Uliniokoa kama ulivyoniokoa siku ya jino,” Sindano akamwambia. “Kaka, asante kwa kuja. Sasa nenda nyumbani.”

“Mama, lazima pawe na jina,” daktari akasema, akitazama saa. “Ukishalala…”

“Silali. Nitie ganzi mkono tu.”

“Inawezekana, lakini itachukua saa mbili. Utasikia kila kitu. Msumeno, nyundo, maneno yetu.”

“Ndiyo maana,” Sindano akasema.

Walipokuwa wanamsukuma koridoni alimwona Hiari. Alikuwa amesimama mbele ya lile benchi, amevaa aproni ya kazi yenye madoa ya wino, na hakuuliza kama aje wala kama abaki. Kaka alikuwa akimwambia atoke, atoke mara moja, hapa ni mahali pa ndugu wa mgonjwa. “Niko hapa,” Hiari alimjibu, bila heshima na bila ukorofi. Sindano akageuza uso. Hasira haikuwa imepungua hata chembe.

Ndani kulikuwa baridi. Wakaweka pazia dogo la kijani kati ya uso wake na mkono wake, na kwa muda mrefu alichosikia ni vyuma vikigongana kwenye sinia. Baadaye daktari akanyanyua kichwa juu ya pazia.

“Kiungo hakifai kabisa. Nakifunga kwa waya kibaki hivyo daima, na lazima nichague sasa. Nikikinyoosha, mkono utapendeza, utaingia mfukoni vizuri, utashika karatasi. Nikikikunja kielekee gumba, kitaonekana kama ndoano, lakini kitabana. Unasemaje?”

Sindano alikuwa na jibu kabla daktari hajamaliza. Alikuwa nalo tangu wiki mbili zilizopita. Akafungua mdomo, akaufunga.

“Kuna mtu koridoni,” akasema. “Yule mrefu mwenye aproni, si mwenye tai. Nesi amuulize yeye. Msimwambie niko macho. Mwambieni nimelala.”

“Mama, hapa hatuchezi.”

“Hata mimi sichezi.”

Daktari alimtazama sana, kisha akamfanyia nesi ishara. Mlango ukafunguka, ukajifunga. Sindano akahesabu nyayo za raba kwenye sakafu, moja, mbili, mpaka tisa. Halafu zikasimama. Alisubiri kusikia ile sauti ya kuomba radhi, mkono ni wake, tusubiri aamke, na alijua akiisikia atarudi nyumbani kuchukua nguo zake leo leo, ganzi haijaisha.

Nyayo zikarudi, upesi.

“Hakuniacha nimalize kuuliza,” nesi akasema. “Amesema kikunjwe. Kielekee gumba, siyo sana, nafasi ya sindano na uzi wa nta vipite. Amesema ukikinyoosha, daktari, huyu mgonjwa atakutukana mpaka ustaafu. Amesema mfukoni huwa haweki mikono.” Akavuta pumzi. “Na amesema kama amekosea ni yeye aliyesema, jina lake liandikwe.”

Sindano akafumba macho. Hiari alikuwa amepatia kila kitu, mpaka uzi wa nta. Angekosea ingekuwa nafuu. Neno kama hilohilo lilikuwa mdomoni mwa Hiari siku ile saa nne asubuhi, na lilikuwa umbali wa hatua tisa.

“Ndivyo?” daktari akauliza.

“Ndivyo,” Sindano akasema. Machozi ya hasira yalimtiririka yakamwingia masikioni, maana alikuwa amelala chali, mkono mmoja uko kwa daktari na wa pili umefungwa dripu. “Kikunjeni.”